Vijiko vya Commandant Gérard

Vita ilikuwa imekwisha kutuchukulia mbuzi, magodoro, mabati ya shule na baiskeli mbili za mapadri wa paroisse. Vijiko, bado. Kwa hiyo mardi ile, jumanne, ya mwaka 2001, askari wa Commandant Gérard walipopita nyumba kwa nyumba hapa kwetu Kalunguta wakisema, «Toa bijiko! Yote!», mimi nilifikiri ni kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imewapanda kichwani tangu asubuhi.

Jirani yangu Vagheni, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika hata siku ya maziko, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

«Bijiko bya nini?»

«Bya commandant. Ni order.»

«Ule commandant wenu iko na vinywa ngapi?»

«Mama, kanga monoko,» askari akamjibu kwa Lingala yao, ndiyo kusema funga mdomo. Vagheni akaingia ndani, akatoka na mwiko wa bugali, mrefu kama mkono wake. «Mupelekee na hii,» akasema. «Akorogee vita.»

Walikusanya vijiko arobaini na vitatu. Vya supu, vya chai, viwili vya dispensaire vya kupimia sirop ya watoto, na kimoja kilichokuwa kimeng'atwa na mbwa. Siku ile tulikula uji kwa kipande cha jani la ndizi.

Sasa niwaeleze bwawa, maana bila bwawa hamtaelewa vijiko. Chini ya shamba la kahawa la zamani, mzungu mmoja alichimba bwawa, akaweka tilapia. Tilapia wakazaana bila kipimo, wakabaki wadogo kama vidole, kwa sababu chakula hakiwatoshi. Mzungu akaleta samaki mwingine kutoka mbali, mwenye kinywa kipana na mgongo wa kijani, jina lake black-bass. Sisi tukasema blakibasi. Kazi yake ni kula tilapia wadogo ili wanaobaki wapate nafasi ya kunenepa. Mume wangu Mathe, aliyekuwa mlinzi wa bwawa lile na mbeba sanduku la ndoano la mzungu kwa miaka kumi na moja, alimwita «polisi». Na ni polisi mmoja tu niliyemwona katika nchi hii ambaye akila, watu wanashiba.

Mzungu alikwenda, Mathe alikufa, bwawa likabaki. Mashamba ya upande wa Semliki yalipokuwa hayafikiki tena, ndilo lililotulisha, familia ishirini na sita, kila moja na siku yake ya kutega kikapu.

Commandant Gérard alilala katika nyumba ya yule mzungu. Huko akaokota kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, cha mambo ya kuvua blakibasi. Kusoma hakukuwa kazi yake. Alimpa Zorobabel, mwalimu wa mwaka wa tano primaire, ambaye walimfanya secrétaire kwa sababu aliweza kuandika neno «réquisition», yaani kunyang'anya kwa karatasi, bila kosa.

«Mon commandant,» Zorobabel akasema, «kitabu inasema hakuna kitu inapita cuillère ya muzuri.»

«Cuillère?»

«Kijiko, mon commandant.»

Basi. Katika bureau ile hakuna aliyejua kwamba Kifaransa cha wavuvi kina cuillère yake: kibati kinachong'aa, chenye ndoano nyuma, kinachojipinda majini kama samaki mdogo aliyeumia. Mimi nilijua, sababu Mathe alizipangusa kila jumamosi. Lakini nani aliniuliza?

Kesho yake, mercredi asubuhi, nilikuwa ninapalilia choux zangu, kabichi, kando ya bwawa, nikaona yote. Kitabu kilitaka fimbo nyepesi inayopinda. Commandant aliangalia kambi nzima, akang'oa antenne ya phonie, ile redio ambayo wakubwa wao wa Beni walikuwa wanapitishia amri. Akafunga kijiko kizima kwenye kamba ya kijani, nene, ambayo hata tilapia kipofu angeikwepa. Halafu, kwa kuwa kijiko ni cha kulishia, akakijaza uji wa mahindi, akakiteremsha majini.

«Polepole, chef,» askari mmoja akamwambia. «Sawa vile kwa mugonjwa.»

Kufika saa sita alikuwa amejaribu vijiko ishirini na kumaliza sufuria ya uji. Tilapia walikula vizuri sana. Blakibasi hakuonekana. Commandant akatupa kofia chini.

«Mukubwa wa Beni anakuya dimanche, kisha misa, kukula hii samaki, nilisha kumuahidi! Kesho kutwa, vendredi, ikipita bila samaki, minatupa grenade mbili ndani. Tutaokota tu.»

Jembe lilinitoka mkononi. Kwa dada yangu, kule Luofu, nilishaona grenade ya bwawa. Samaki wote wanageuza tumbo juu, na mayai na vitoto, ukuta wa udongo unapasuka, maji yanakwenda. Walikula samaki siku tatu, wakala njaa mwaka.

Mtu mwenye bunduki hasahihishwi. Anaambiwa yuko sawa, kisha anaonyeshwa. Nikateremka polepole, sababu ya magoti.

«Mon commandant, kitabu yako inasema kweli. Bijiko tu njo habijamalizika.»

«Habijamalizika namna gani, mama?»

«Bado kubikata mukia.»

Akanitazama. Zorobabel naye akatazama kitabu, kana kwamba mkia umeandikwa mahali na yeye ameuruka.

Nikapekua lundo la vijiko walivyokusanya, nikachukua kijiko changu, nikaenda nacho nyumbani. Vile vya aluminium havifai, ni vyepesi na havina nuru. Changu kilikuwa kimoja kati ya vile sita ambavyo Mathe alininunulia Butembo mwaka wa ndoa, chuma kizito, kinang'aa mpaka unaona pua yako ndani. Nikakikata mkia kwa msumeno wa fundi, nikatoboa matundu mawili kwa msumari. Tundu la mbele ni la uzi, na uzi nilichagua nylon nyembamba ya mshona viatu. Tundu la nyuma ni la ndoano, ya zamani ya Mathe, nikaifunga kwa pete ya waya ili icheze.

Nilipokuwa ninafunga ile pete nikafikiri. Commandant akikosa samaki, grenade. Akimpata, mukubwa wa Beni atakula, atalamba vidole, atasimulia, na dimanche nyingine watakuja wakubwa kumi. Donc asipate, na asichoke. Nikachukua jiwe la kunolea, nikasugua kile kijino cha ndoano kinachomzuia samaki kuchomoka, mpaka kikaisha.

Kesho yake, jeudi, nikaanza kumfundisha.

«Blakibasi anakaa chini ya ile gogo ya mukaratusi yenye ilizama. Haume sababu ya njaa. Anauma sababu kitu ya kungaa inapita mbele ya mulango yake bila ruhusa.»

«Kumbe ni askari!»

«Ni commandant kabisa,» nikamjibu.

Alifurahi. Nikamwonyesha kutupa kijiko mbele ya gogo, si juu yake; kuvuta, kuachilia kizame, kuvuta tena. «Hapana kuvuta sawa mutu anaiba. Vuta, achilia. Samaki aone kitu ni mugonjwa.» Alijaribu. Antenne, lazima niseme haki, ilikuwa fimbo nzuri kuliko ya mzungu.

Nikamwambia pia kwamba samaki huyu anasikia kwa njia ya udongo: botte za jeshi zivuliwe, askari wakae ng'ambo ya barabara, mtu asipige risasi hata ya furaha. Hilo la udongo ni kweli. Nikaongeza kwamba anachukia harufu ya kasiksi mikononi mwa kambi nzima. Hilo nilitunga. Zorobabel akaandika yote, akapiga cachet, muhuri wa bureau.

Haijawahi kuwa vita nzuri vile. Vagheni alipita barrière, kizuizi cha barabarani, na mzigo wake wa mihogo, hakuna aliyemwomba kitu, maana mlinzi alikuwa ameitwa kushika shati ya commandant.

Saa kumi blakibasi aliuma. Alitoka majini mzima, kinywa kama ndoo, akatikisa kichwa mara mbili, akatema kijiko. Commandant alipiga kelele kama mtoto aliyeona mama yake anatoka sokoni.

Vendredi aliuma tena, akatema tena. Jua lilipoteremka mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, sipalilii tena, kwa sababu siku ya grenade ilikuwa imefika. Zorobabel, mtu wa programu, akauliza:

«Mon commandant, vendredi inaisha. Ile grenade...?»

«Grenade?» Commandant akageuka na macho mekundu. «Uko muzima? Samaki ya vile, mutu anaitupia grenade? Pumbafu!»

Nikapumua. Lakini Zorobabel akanifuata mpaka kwenye choux.

«Mukaka,» akaniita, yaani bibi, «mufanye aipate haraka, nirudishe antenne. Tangu mercredi Beni habatusikie.»

«Na sisi, tunabasikia?»

«Hapana.»

«Basi, iko muzuri.»

Haikuwa nzuri. Kesho yake, samedi asubuhi, magari mawili yakatoka upande wa Beni, askari wamelala juu, bunduki zimetuelekea. Siku tatu phonie imekufa, Beni wakafikiri kilima chetu kimechukuliwa na adui. Watu wakakimbilia shamba la kahawa. Vagheni alipita akikimbia, mwiko hana, kiatu hana. Mimi nilibaki, magoti yalikataa, nikawa ninahesabu choux ili nisihesabu bunduki.

Commandant Gérard alikuwa kwenye ukingo, suruali imekunjwa mpaka gotini, miguu mitupu. Bila kugeuka akainua mkono.

«Chuut! Muache kelele, iko karibu!»

Askari wa magari wakalala chini, wakatafuta adui kwa macho. Mukubwa akateremka mwenyewe, tumbo mbele.

«Gérard! Siku tatu tunakuita. Tulifikiri mumekufa!»

«Mon colonel, nilikuwa karibu kumukamata.»

«Nani?»

«Blakibasi, mon colonel.»

«Na phonie?»

Wakati ule ule antenne ikapinda mpaka ikagusa maji. Mwingine angeiachia, apige salut. Yeye akaingia mpaka kiunoni, akivuta, bila kuachilia hata kidogo. Yote niliyomfundisha akayasahau. Samaki akazunguka gogo, nylon ikakatika, tak, kijiko changu kikabaki naye, na antenne ya serikali yao ikasimama wima juu, inatetemeka.

Mukubwa alinyoosha mkono, akapewa antenne. Akainusa. Akaipangusa kwa leso. Halafu akaniona.

«Na wewe mama, unafanya nini hapa?»

«Minapalilia choux, mon colonel.»

Commandant walimpandisha gari la nyuma, amelowa, na botte zake zilibaki ukingoni. Zorobabel alizivaa aliporudi kufundisha mwaka wa tano primaire. Hakuna mwanafunzi aliyechelewa tena.

Aliyekuja kushika nafasi ya commandant hakupenda samaki. Alipenda mbuzi, na mbuzi tulikuwa hatuna tena.

Wanawake tulikwenda kambini kuchambua vijiko. Kila mmoja alikuwa na alama yake, na bado ilikuwa kelele mpaka jioni. Vagheni alitoka na vitatu ambavyo nina hakika hakuingia navyo katika ndoa. Mimi nilibaki na vijiko vitano. Mgeni wa sita akifika kwangu, ninampa jani la ndizi na kumwambia avumilie, kijiko chake kiko kwa polisi.