Kiganja cha Fundi Mwashi

Nyumbani walimwita Makaa, kwa sababu tangu utotoni vidole vyake havikuwahi kuonekana visafi. Akakua, akawa mchoraji, na jina likamkaa kama nguo aliyoshonewa. Wenzake walichora kwa rangi za dukani. Yeye alisaga udongo mwekundu na makaa, akachanganya na mafuta ya ng'ombe, akifuata watu wa mapangoni walioishi kabla hata haujakuwapo mlango wa kubisha hodi. Picha zao alizikuta kitabuni: wanyama wanaokimbia, na chini yao viganja vya watu vimepigwa mwambani. Viganja ndivyo vilivyomteka. Mtu kafa zamani hizo, jina lake hakuna alijuaye, lakini mkono wake bado unasema: nilikuwapo.

Basi maktaba mpya ilipompa ukuta wa ukumbini, alichora kundi la nyati na swala, na chini yao akapiga viganja: chake, cha mkutubi, vya majirani. Na cha baba yake.

Baba alikuwa fundi mwashi, na jiwe lilishamla nusu ya kidole cha kati. Siku aliyokuja alimcheka bintiye mpaka akakohoa. "Miaka arobaini najenga kuta, nagombana na wanaozichafua. Kumbe mchafuzi mwenyewe namlea nyumbani!" Lakini aliutoa mkono ukapakwa, akaukandamiza ukutani kwa nguvu zake zote, kama anayepima iwapo aliyeujenga aliujenga sawasawa. Haukupita mwezi, akafariki dunia.

Mama hakuwahi kukanyaga pale. "Niende kuangalia uchafu?" ndiyo ilikuwa kauli yake. Hadi wiki ya uzinduzi, bila kuulizwa na mtu, akasema: "Huo mkono wa baba yako nataka kuuona. Nitakuja mapema, kabla watu hawajajaa." Makaa alimjua mama yake. Neno kama hilo halisemi mara mbili.

Asubuhi ya siku yenyewe Makaa alitangulia. Alipoingia ukumbini aliinua macho ukutani. Nyati walikuwapo, swala walikuwapo. Chini yao ukuta ulikuwa mweupe pe.

Mpaka rangi wa jengo, mtu mzima mwenye kofia iliyojaa matone ya chokaa, alikuwa akiosha brashi zake kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi asiyotumwa.

"Umeona, binti? Wanyama nimewaacha, wale najua ni picha. Lakini watoto walikuwa wamepitisha mikono yao michafu ukuta mzima! Jana nimeifunika yote kwa chokaa. Nimepaka mara mbili."

"Mzee wangu," Makaa alisema, "ile mikono nayo ilikuwa picha."

Brashi ikamponyoka ndooni.

"Mmoja ulikuwa wa baba yangu."

"Basi si tutamwomba aje tena..." Alimtazama usoni, akaelewa, akavua kofia. "Mungu wangu. Nisamehe, mwanangu."

Makaa alitaka kumkasirikia, akashindwa. Kosa la nia njema halina hata pa kulitupia tusi. Alikaa sakafuni akalia, na mpaka rangi akasimama kando yake, kofia kifuani, kama yuko msibani.

Hivyo ndivyo mama alivyowakuta, mkoba kwapani. Aliambiwa yote. Aliukaribia ukuta, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chokaa.

"Rangi yako ulichanganya na nini?"

"Mafuta ya ng'ombe, mama."

"Mengi?"

"Ya kutosha kukaangia."

"Sasa unalilia nini?" Mama alitoa kitambaa mkobani. "Baba yako kanipakia chokaa jikoni kila mwaka, na kila mwaka, pale nyuma ya jiko, ikabanduka yote. Penye mafuta chokaa haishiki. Nilimwambia mpaka nikachoka. Akasema mimi najua nini habari za kuta."

"Ndiyo maana jana ilikuwa inateleza!" mpaka rangi alimaka. "Ndiyo maana nikarudia!"

Mama akasugua taratibu. Chokaa ikaanza kudondoka vipande vipande. Ukatokea wekundu, ukatokea ukingo wa kiganja, kikatokea kidole, na cha pili, kisha kile kifupi. Makaa akacheka huku machozi yakimtiririka. Mpaka rangi naye alikuwa amepiga magoti akisugua kiganja cha mkutubi kwa kofia yake. Chokaa ilibaki pale tu ambapo mafuta hayakufika, na mikono ikaonekana vizuri kuliko mwanzo.

Mama aliweka kiganja chake juu ya kile cha ukutani. Kidole chake cha kati kilipita pale kile kifupi kilipoishia.

"Mbishi huyu," alisema. "Hata chokaa kaikataa."

Kisha akageuka, akakunja mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, akamnyoshea bintiye kiganja kilicho wazi.

"Nipake na mimi hapa, karibu naye. Na mafuta yawe mengi."