Mashine ya Kuchanga Karata

Uthmani, fundi wa kutengeneza cherehani wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa na dhambi moja tu, na hiyo aliitenda kwa ajili ya Mungu. Mama yake, Bi Mwantum, alitaka kuhiji kabla hajafa, na cherehani za Buyenzi hazifikishi mtu Makka. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, Uthmani alivaa shati safi akaenda kucheza karata za ishirini na moja kwenye kazino ya kando ya ziwa, iliyofungua mapema kwa sababu ya amri ya kutotoka usiku. Mama aliambiwa kuna wateja mjini.

Hakuwa akibahatisha. Karata ndogo ikitoka aliongeza moja kichwani, kubwa ikitoka alipunguza moja. Hesabu ikipanda, maana yake zilizobaki ni kubwa nyingi, zinazompendelea mchezaji, na hapo ndipo alipoweka dau la kiume. Danielle, mgawaji, alichanga karata kwa mikono, tena pale tu zilipokaribia kwisha. Kilichotoka kilikuwa kimetoka. Kwa mwaka mzima, mizinga ikiunguruma juu ya vilima vya Gihosha, Uthmani aliweka akiba ya hija. Ilibaki robo.

Ndipo Birindwa, msimamizi, alipoleta mashine kutoka Ulaya, sanduku jeusi lisilo na adabu. Kila mchezo ukiisha, Danielle alizirudisha karata humo, nalo likazichanga bila kupumzika. Karata iliyotoka sasa hivi iliweza kurudi sasa hivi. Uthmani alihesabu siku tatu, akaona ni kuhesabu maji ya mto. Akawa mchezaji kama mabwana wa mtaa wa Kigobe waliokuja kusahau vita, na kama wao akaliwa.

Wiki ya pili mashine ikagoma. Birindwa alijua kazi ya Uthmani, akamwita.

“Fundi, hii mashini imekufa. Bazungu banasema tungoje miezi tatu. Utaiweza?”

“Mi sijaona ndani, patron. Acha niifungue.”

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kipande kimevunjika, huku hakipatikani. Miezi mitatu ya mikono ya Danielle ingetosha kumaliza ile robo. Akafungua skrubu, akachungulia.

Ndani kulikuwa na gurudumu dogo la mpira lililokauka, linateleza badala ya kusukuma karata. Nani aliyeweka mpira mbovu hivi kwenye mashine ya bei hii? Uthmani alikasirika kweli. Akatoa mfukoni kipande cha tyubu ya baiskeli, akakata pete, akalivisha gurudumu, akatia tone la mafuta, akapangusa vumbi, huku anapiga mluzi. Mashine ikanguruma, karata zikapita laini, naye akacheka peke yake kwa raha.

Hapo ndipo alipokumbuka yuko wapi.

Danielle, aliyejua siku nyingi kwamba anahesabu ila hakumsema kwa mtu, aliinama karibu yake.

“Fundi, we umefanya nini?”

“Ni mikono,” Uthmani akasema. “Haikuniuliza.”

Birindwa alimlipa vizuri, malipo ya fundi. Uthmani akatembea hadi nyumbani, ana hasira na vidole vyake mwenyewe.

“Umeshinda aje, papa?” mama akamuuliza mwanawe mlangoni, kama mama yeyote anavyouliza jioni.

“Leo nimeshinda kazini, mama.” Akampa zile noti. “Ni ya Makka.”

Bi Mwantum alizishika, akamtazama usoni.

“Ni ya kutengeneza?”

“Ya kutengeneza. Wallahi.”

“Basi hii naipokea. Ile ingine yote ni ya karata, najua tangu zamani. Mi siwezi kwenda nayo mbele ya Allah.” Akazifunga kwenye ncha ya mtandio wake. “Sasa tumeanza.”

Mama alikuwa na miaka sabini na sita. Uthmani, ambaye hesabu haikumpiga chenga hata siku moja, aliona papo hapo kwamba kwa malipo kama yale mama angefika Makka akiwa na miaka mia na kumi. Akaketi kizingitini, akalia.