Mistari ya Wagonjwa

Mkuu wa shule yetu aliua utafiti wa dada yangu siku ya Ijumaa, baada ya gwaride na kabla ya chai, kwa nia njema na majembe ya Kidato cha Pili. Nasema nia njema kwa sababu nimelelewa vizuri. Moyoni nina maneno mengine, ila mama akiyasikia atanisugua mdomo kwa sabuni ya kufulia.

Mkuu tulimwita Pasi. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukatia karatasi, na alitaka dunia nzima ipate mkunjo kama huo. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Miti ilipakwa chokaa hadi kiunoni. Mbuzi wa shule aliyesinzia njiani siku ya kupaka aliamka amevaa soksi. Mimi waliniita Shemasi, kwa sababu ya sura yangu ya huzuni takatifu kila nilipokuwa nimefanya jambo.

Dada yangu, kifungua mimba wa mama, ni mtaalamu wa vinasaba vya mimea katika kituo cha utafiti wa kilimo. Kazi yake ni muhogo. Kuna ugonjwa unaoingia kwenye muhogo kwa adabu sana: majani yanapauka kidogo, shina linasimama, mkulima anajipa moyo. Siku ya kuchimba anakata mzizi na kukuta ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Hata nguruwe anasusa. Shamba la mama limekuwa hivyo tangu mimi niko shule ya msingi, na ndilo lililotusomesha wote wawili, kwa hiyo dada ana ugomvi wa kifamilia na ugonjwa huo.

Alikuwa amezalisha miche mingi kwa kuchavusha maua kwa mkono, kisha kila mche akaukata kipande cha jani kidogo kama kifungo cha shati. Mashine ya maabara ilisoma vinasaba vya kila kipande na kusema upi umerithi kinga na upi haukubahatika. Miche iliyochaguliwa ndiyo iliyoletwa shamba la shule yetu. Maana mashine, dada alisema, haijawahi kulima. Lazima mche uishi jirani na ugonjwa wenyewe, msimu mzima, mbele ya macho ya watu.

Ndiyo maana katikati ya miche yake alipanda mistari ya wagonjwa. Makusudi kabisa. Alitafuta muhogo wa zamani ulioathirika, akaupima maabara mmoja mmoja kuhakikisha unabeba virusi anavyovitaka, akaupanda kati ya miche mipya ili inzi weupe wanyonye huku na kupeleka kule. Mche ukiugua, maabara imekosea. Mche ukisimama, mama anapata mbegu. Msimu wa kwanza ulishapita vizuri. Huu ulikuwa wa pili na wa mwisho kabla ya kamati ya mbegu kuamua. Kila akipiga simu, mama alianza na salamu, halafu anauliza mbegu yake inaendeleaje, kama mtu anayeuliza hali ya mjukuu.

Yote haya dada alimweleza Pasi siku ya kupanda. Pasi alitikisa kichwa kukubali mwanzo hadi mwisho huku akimtazama kwa hasira mwanafunzi aliyekuwa amechomoa shati.

Ijumaa hiyo tulikuwa na mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa mambo ya kilimo, na dada alikuwa aje naye kumwonyesha jaribio. Nilitoka maabara ya kemia nikaona Kidato cha Pili wako shambani, wanang'oa. Hawakung'oa ovyo. Waliruka miche yenye afya na kutoa wagonjwa tu, kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwenye somo lolote. Vijiti vya namba navyo vilikuwa vimechomolewa, vimepakwa chokaa juu ya namba, na kupangwa pembeni kwa urefu. Mahali pa wagonjwa walikuwa wanachomeka matawi mabichi yaliyokatwa kwenye uzio.

Nilikimbia. Nilimwambia Pasi, kwa sauti ya chini na mikono nyuma, kwamba hao wagonjwa ndio mtihani wenyewe, na mtihani ukiondolewa hakuna wa kufaulu. Alinisikiliza, nakiri. Kisha akasema, "Shemasi, mgeni hawezi kuja kutazama majani ya njano. Hata nyumbani kwenu mgeni akija, mama yako anafagia."

Nilitaka kusema mama hafagii watoto wake nje. Sikupata nafasi, kwa sababu tayari nilikuwa nimepewa adhabu ya kuhoji. Niondoe mihogo yote iliyong'olewa isionekane shambani, na nikimaliza, nipande chochote kwenye bustani tupu mbele ya ofisi yake. Halafu akaenda zake getini kusimamia kibao cha makaribisho.

Hasira ikikupanda kwenye shule ya bweni huna pa kuipeleka. Huwezi kupiga mlango, hakuna mlango wako. Mimi huwa naipeleka kwenye utii. Amri zilikuwa mbili, na nilizitii zote mbili kwa mpigo. Niliibeba mihogo migonjwa kwa toroli hadi mbele ya ofisi, nikachimba mashimo, nikaipanda upya na mizizi yake, kwa mistari iliyonyooka kuliko mkunjo wa suruali yoyote. Nikaimwagilia maji, nikaizungushia mawe meupe. Ilisimama pale imelegea, ya njano, imeinamisha vichwa kama kwaya inayoimba msibani.

Mgeni alifika mchana, dada akiwa nyuma yake na sanduku la vichupa vya kuwekea majani. Walipofika ukingoni mwa shamba, dada alisimama. Mimi namjua. Akikasirika kidogo anafoka. Akikasirika sana anakuwa mpole kama nesi mwenye sindano.

"Mwalimu, mistari yangu iko wapi?"

"Tumekusafishia, binti," Pasi alisema, akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha.

Mgeni naye alifurahi. Alisifu ukijani, akauliza kama sasa tunaweza kutangaza kwamba mbegu hizi zimeushinda ugonjwa. Pasi alimnong'oneza dada, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia gwaride, tukasikia wote: aseme tu ndiyo, mbona miche ni ile ile, nani atajua.

Dada alifunga sanduku lake.

"Siwezi kusema, mheshimiwa," alisema. "Sijui kama miche hii ni hodari. Imepigana na nani? Ugonjwa umeng'olewa asubuhi, na hayo ni matawi ya uzio."

Mtu mmoja alianza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha. Pasi, kwa haraka ya kuokoa jahazi, akamkaribisha mgeni ofisini akapumzike. Wakakata kona. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya bustani, wima, jembe begani.

Mgeni alitazama ile kwaya ya njano. Akamtazama Pasi.

"Na hii?"

"Bustani ya ofisi," nilijibu kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao. "Kama Mwalimu alivyoagiza."

Nilisimamishwa shule kabla soda za mgeni hazijaisha mapovu. Dada ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa gari la kituo. Nyuma tulipakia mihogo yote ya bustani, maana alisema pingili zake bado ziko hai na zimeshapimwa, zitampunguzia kazi ya kutafuta upya. Nilidhani hapo nitapata asante.

"Usijichekee," alisema. "Umemwaibisha, sawa. Msimu wangu haukurudi."

Mama akapiga simu tukiwa njiani. Salamu, kisha mbegu. Dada akamwambia mwaka mwingine. Mama akasema haya, akakata bila kuaga, na mama huaga hata mtu aliyekosea namba. Nilikuwa na utani mzuri sana kuhusu soksi za mbuzi. Niliumeza.

Tulipokaribia nyumbani, simu ya dada ikalia tena kidogo. Alisimamisha gari kando ya barabara akasoma. Ulikuwa ujumbe wa Pasi. Alishukuru kwa ushirikiano, akasema milango ya shule iko wazi msimu ujao, na safari hii atahakikisha shamba ni safi zaidi.

Dada alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akanitupia simu mapajani.

"Mjibu wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye adabu."

Nikakaa vizuri, nikaweka sura ya shemasi, nikaanza kuandika: Mwalimu, shikamoo.