Kikombe Ambacho Hakikuonjwa

Nimezaa watoto saba na nimeosha matapishi ya wote, sikuwahi kuona kinyaa. Lakini siku ile mwanangu Liberatus aliposimama mbele ya watu na kusema "ilikuwa bahati mbaya tu," kinyaa kilinipanda mpaka kooni. Nikageuka pembeni nikatema mate.

Nieleze kwanza. Huku kwetu Igowole mtu mwenye shamba kubwa huita majirani wamsaidie siku moja. Tunaita mgowe. Halipi kitu, ila anapika na kuandaa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Na mwenye ulanzi ana sheria aliyoikuta kwa babu yake: anamimina kikombe cha kwanza, anaonja yeye mbele ya wageni, ndipo anampa mkubwa wao. Huyo mkubwa naye akishapewa hatemi. Kutema pombe ya mwenyeji ni kumtukana.

Mwezi wa pili Liberatus aliita mgowe wa kupalilia viazi. Dumu lake la ulanzi lilikuwa limepasuka. Badala ya kuja kwangu, hatua thelathini tu, aazime jingine, akaingia stoo akachukua dumu lililokuwa na dawa ya kupulizia viazi. Eti alisuuza. Mara moja, kwa maji ya baridi! Mimi sufuria ya maziwa tu nasuuza mara tatu.

Watu walipotoka shambani akamimina. Mkono mmoja kikombe, mkono mwingine simu, anaangalia kama mkeka wake wa kubeti mpira umetiki. Hakuonja. Akamnyooshea mzee Sosthenes, jirani yetu, bila hata kumtazama usoni. Mimi nilikuwa napakua makande. Nzi walikuwa wamejaa kwenye sahani, hawana aibu wale, ila kwenye kikombe kile hakutua hata mmoja. Niliona. Nikaendelea kupakua.

Sosthenes alimeza, akakunja uso, akameza tena kwa heshima. Makande hayajaisha, mzee yuko chini, mate yanamtoka mazito kama povu la sabuni, amejichafua mbele ya watu. Ule ulanzi uliobaki tukaumwaga. Alilala hospitali siku kumi na moja. Amerudi, Mungu ni mwema, lakini mikono inatetemeka mpaka mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Mkewe huyo, Apolonia, ndiye aliyeomba kikao. Tukakaa uani kwake Jumapili baada ya misa. Kalinga, mwenyekiti wa kitongoji, akaja na daftari. Kalinga ni mtu anayependa mambo yaishe kabla chakula hakijapoa.

"Mimi naandika bahati mbaya," akasema. "Sote ni waumini. Tupeane mikono."

"Ilikuwa bahati mbaya tu," Liberatus akadakia. Hapo ndipo nilipotema mate.

Apolonia hakupandisha sauti. "Mwenyekiti, mti ukimwangukia mtu njiani, hiyo ni bahati mbaya, haina mwenyewe. Mume wangu kapewa dawa ya viazi kwenye kikombe. Kisimani wananiuliza kama ni sumu. Nikisema bahati mbaya, nadanganya. Nikisema sumu, namfanya huyu kijana muuaji. Lipo neno hapo katikati. Alitamke mwenyewe. Asipolitamka, watu wa nyumba ile wasivuke tena ua wangu."

Ua ule tumeuvuka miaka arobaini, yeye kwangu, mimi kwake. Apolonia ndiye aliyempokea Liberatus huyo huyo nilipomzaa.

"Sasa neno gani, mama mkubwa?" Liberatus akasema. "Pole nimeshatoa. Mimi si mchawi, sikukusudia."

Sosthenes akataka kusema kitu, mate yakamchuruzika kidevuni. Apolonia akamfuta kwa kitenge. Mwanangu akaangalia simu.

Nikasimama. "Kitendawili!"

Watu wakaguna. "Bibi Eveline," Kalinga akasema, "hapa kikaoni jamani?"

"Kitendawili, Liberatus."

Nimemlea kwa vitendawili. Mdomo ukamjibu wenyewe: "Tega."

"Nilisinzia mimi, jirani akaota jinamizi."

Akakuna kichwa. "Usingizi?"

"Toka hapo."

"Pombe."

"Pombe imekukosea nini, maskini?" Nyuma mtu akacheka, akajikohoza.

"Basi nimeshindwa, mama. Nakupa mji. Chukua Iringa."

"Iringa kuna baridi kama hapa. Sitaki."

"Chukua Mbeya, na mtaa wake wa Soweto wote."

"Soweto ulikaa miaka miwili ukarudi na simu. Sitaki."

"Mama bwana! Sheria ya kitendawili, ukipewa mji unatoa jibu."

"Na sheria ya kikombe ni ipi?"

Ndipo akamtazama Sosthenes, kwa mara ya kwanza tangu tukae. Akaitazama ile mikono inavyorukaruka juu ya magoti kama kuku aliyechinjwa. Simu akaitia mfukoni.

"Uzembe," akasema.

"Wa nani?"

"Wangu. Nilijua lile dumu lilikuwa la nini. Nilijua natakiwa nionje. Niliona uvivu kuja kwako kuazima, mama. Ni hivyo tu."

Kalinga akakata mstari, akaandika upya, akataka kufunga daftari.

"Bado," nikamwambia. "Andika na hili: Eveline aliona nzi wanakikwepa kikombe, hakusema."

"Bibi, na wewe tena?"

"Andika. Nami nilisinzia."

Apolonia akanitazama, akaingia ndani. Akatoka na kikombe cha uji, akampa Liberatus. Liberatus akakipokea kwa mikono miwili, akaonja mbele yetu wote, akapiga magoti, akakiweka mdomoni mwa Sosthenes. Mzee akanywa. Nusu ilirudi na mate, ikamtiririkia mwanangu mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Liberatus akakunja uso, akautoa mkono ajifute kwenye suruali. Nikakohoa.

Akaurudisha mkono, akashika kikombe mpaka uji ukaisha.