Mama Mkwe Hanywi

Kufikia saa tano asubuhi Kevina alikuwa amekwisha kukamua ndimu kumi na nne, na yule mama mzee chini ya rakuba hakuwa amegusa hata tone.

Rakuba yenyewe ilikuwa kibanda tu, nguzo nne na paa la mikeka, katikati ya ua wa Thon huko Sherikat, mtaa wa Juba. Mama huyo aliitwa Achok. Alikuwa amefika alfajiri juu ya lori kutoka Bor, amekuja kumwona binti yake Suzan, mke wa Thon, aliyejifungua kwa upasuaji juzi. Lori liliharibika njiani, wakalala porini. Utingo aliyemsaidia kushuka alisema kwamba maji ya abiria yaliisha jana mchana. Hospitali haikuruhusu wageni mpaka saa kumi, na simu ya Suzan ilikuwa imezimwa. Ndipo Thon alipoona mambo yamemzidi, akamwita jirani.

"Anti Kevina, huyu mama hataki kunywa," alimwambia kwenye geti, kabla hata ya salamu. "Chai, hataki. Maji, hataki. Nimeita raksha ya miguu mitatu impeleke kliniki, akashika nguzo kama mtoto. Sasa mimi nifanye nini, aki?"

"Tulia. Mgonjwa wa joto haendi kwa kelele," Kevina alijibu. "Niachie mimi."

Alisema hivyo kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka saba tangu atoke Masaka, Uganda, Kevina alikuwa akiwauzia watu mlangoni kwake vyakula vyepesi na vinywaji vya wakati wa joto. Alijua tumbo lililochoshwa na jua linataka nini. Lakini alijua pia jambo jingine, na hilo ndilo lililomfanya aharakishe kisu. Ulikuwa mwezi wa tatu. Redio ilikuwa imetangaza shule zifungwe na watu wasitembee mchana. Wiki iliyopita, mlinzi mmoja mzee wa ghala la saruji alikutwa ameketi kivulini kwenye kiti chake, redio ikiimba pajani, naye ameshakufa. Watu walikuwa wamempita asubuhi nzima wakimwamkia.

Bwana, usiniache nimpite huyu, Kevina aliomba moyoni.

Jiko la Thon halikupungukiwa na kitu. Thon alikuwa fundi wa sola, na friji yake ilifanya kazi usiku na mchana. "Tumia kila kitu, Anti. Sukari, barafu, kila kitu," alisema, naye Kevina akatumia. Kwanza alidhani mama anaogopa maji. Tangu habari za kipindupindu zianze, watu wengi hawakuyaamini maji ya malori. Akayachemsha mbele yake, akayapoza kwenye barafu, akakamulia ndimu, akatia tangawizi kidogo. Akapiga magoti, akamnyooshea glasi.

Achok alipiga ulimi, akageuza uso.

Basi Kevina akadhani ndimu ni kali kwa tumbo tupu. Akaloweka karkade, yale maua mekundu yanayouzwa sokoni kwa kopo, akayachuja na kuyatilia sukari mpaka yakawa matamu bila kukwaruza koo. Achok akayatazama kwa muda mrefu, akafumba macho. Kevina akaleta ukwaju. Akaleta tikiti maji lililokatwa vipande vidogo visivyohitaji meno. Akakata tango jembamba kama karatasi, akalichanganya na mtindi, chumvi na kitunguu saumu. Mwishowe akatengeneza nyanya kwa dakwa, ile siagi ya karanga ambayo kila nyumba Juba inaipenda. Alijiambia kwamba mama wa Bor hawezi kuikataa dakwa, labda awe amekwisha kukata shauri la kufa.

Achok akaikataa. Akavuta shuka mpaka usoni, akageuka na kuupa mlango wa nyumba mgongo.

"Pengine anafikiri tunamwekea sumu," Thon alinong'ona kutoka jikoni.

"Nani atie sumu kwenye tikiti, wewe?"

"Sijui! Mimi sijui watu wa Bor wanafikiri nini. Nimekulia Kitale mimi!"

Ilikuwa kweli. Thon alichukuliwa Kenya akiwa mgongoni mwa dada yake. Alisomea huko, akampata Suzan huko, ambaye naye alilelewa na mjomba wake Nakuru. Ng'ombe wa mahari walipelekwa na wazee wa Thon, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mama mkwe wake mpaka alfajiri hiyo.

Saa sita ikapita. Mikeka ya rakuba ilikuwa imepata moto kiasi kwamba ukiigusa unatoa mkono. Kevina alikwenda tena kumkagua mgeni, akagutuka. Uso wa Achok, ambao asubuhi uling'aa kwa jasho, sasa ulikuwa mkavu kama chungu kipya. Midomo ilikuwa imepasuka. Vidole vilichezacheza magotini, na mama alikuwa akizungumza polepole kwa Kidinka na mtu asiyekuwepo.

"Anasema nini?"

Thon alisogea hatua mbili, akasikiliza. "Anamwambia mtu afunge ndama. Anti, hakuna ndama hapa."

Mara Achok akasikia sauti yake. Alikuwa hajiwezi, lakini aliposikia sauti hiyo alikusanya nguvu zote zilizosalia, akajikunja, akajifunika shuka kichwani, akabaki anatetemeka humo ndani kama kuku aliyefunikwa kwa tenga.

Kevina alisimama na sahani ya nyanya mkononi. Alikuwa akihesabu Salamu Maria kwa vidole tangu asubuhi, kama alivyozoea kazi inapokuwa ngumu, na sasa alikuwa kwenye ya nne ya fungu jipya. Akaacha hapo.

"Thon. Kuja huku jikoni. Asubuhi, nani alimpa maji ya kwanza?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mikono miwili, na heshima. Nilimchukulia mkoba, nikamkumbatia..."

"Ulimkumbatia?"

"Si ni mama yangu sasa?"

"Banange!" Kevina aliweka sahani chini, karibu aiangushe. "Ulimkumbatia mama ya bibi yako! Thon, kwetu Masaka mama mkwe akimwona mkwe wake njiani, anaingia kwenye majani mpaka apite. Hawashikani mkono. Mama halali kwa nyumba yake. Mimi niliona huyu mama anajifunika nikasema ni jua tu. Nilifikiri nyinyi iko na mambo yenu tofauti, kumbe ni jambo moja!"

Thon alimtazama, mdomo wazi. "Hakuna mtu aliniambia."

"Nani akuambie? Bibi yako mwenyewe ni wa Nakuru."

"Kwa hiyo hatakunywa kabisa?"

"Hapa kwako? Maji ya nani haya? Sukari ya nani? Kikombe cha nani? Nimemletea vitu vyako tangu asubuhi, nikimsukumia puani." Machozi ya hasira yalimjia, hasira juu yake mwenyewe. Yeye, mwanamke mtu mzima, aliyefundwa adabu hiyo na bibi yake mzaa mama kabla hajajua kusoma, alikuwa ameshughulika na matango na tangawizi huku mtu akikauka mbele yake. "Lazima aende kwangu. Sasa hivi."

Kati ya rakuba na chumba cha Kevina palikuwa na hatua kama arobaini, zote juani, na geti la mabati katikati. Akitumaini kwamba nje ya nyumba ya mkwe kinywaji chenyewe hakingekataliwa, Kevina alichukua jagi la karkade kwenye friji, akalipeleka mbio chumbani kwake, kisha akarudi, akachuchumaa mbele ya mama. Kidinka hakukijua, ila Kiarabu cha Juba alikijua cha sokoni.

"Taali, mama," alimwambia. Njoo. Akajipiga kifua, akaonyesha ng'ambo ya geti. "Bet tai." Nyumba yangu.

Shuka lilifunguka kidogo. Jicho moja lilimtazama, likatazama geti. Achok alisema neno moja tu la Kiarabu, nalo lilikuwa swali. Kevina alilielewa kabla halijaisha: na yule?

"Yule hayupo kule. Ni mimi peke yangu. Sina mume hapa."

Mama akashika bega lake, akainuka.

Alikuwa mrefu kuliko Kevina kwa kichwa kizima, na mzito, kwa kuwa miguu yake haikumsaidia. Wakatoka kivulini. Jua liliwapiga utosini kama mtu anayetwanga. Hatua kumi. Kumi na tano. Kevina alizihesabu kwa jina la Yesu, moja moja, akihisi pumzi ya mama shingoni mwake, pumzi ya moto, fupi fupi. Karibu na geti magoti ya Achok yakakatika. Kevina alijaribu kumzuia, akashindwa, na wote wawili wakaanza kwenda chini polepole.

Thon alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alichupa. Kufumba na kufumbua alikuwa hatua moja kutoka kwao, mikono mbele, tayari kumdaka.

"Usimguse!" Kevina alipiga kelele.

"Anaanguka!"

"Ukimgusa hatakwenda popote! Ataketi hapa afe! Geuka, Thon! Mpe mgongo!"

Mikono ya Thon ilibaki hewani. Alikuwa kijana mwenye nguvu, angeweza kumbeba mama huyo kama gunia la mchele na kumfikisha kabla Kevina hajafungua geti. Kila mshipa wa mwili wake ulitaka hivyo. Akang'ata mdomo wa chini. Akageuka, akatembea mpaka kwenye ua wa matete, akasimama huko na uso wake kwenye matete, mabega yakimcheza.

Achok alikuwa amepiga goti moja mchangani. Kevina aliona macho yake yakimfuata yule kijana mpaka alipogeuka na kusimama. Kisha mama akavuta pumzi, akaweka kiganja juu ya mchanga wa moto, akajisukuma juu. Wakavuka geti.

Chumba cha Kevina kilikuwa kimoja, chenye kitanda, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na mtungi wa udongo kwenye kona yenye giza. Alimketisha mama juu ya mkeka, mgongo ukutani, akamimina karkade kwenye kikombe chake mwenyewe cha bati. Barafu iligonga bati. Achok alikipokea. Kwa mara ya kwanza siku ile alikipokea kwa mikono yake miwili, na Kevina akahisi moyo wake unataka kuruka.

Kikombe kikasimama karibu na mdomo. Mama akauliza hii ni ya nani.

Kevina angeweza kusema ni yangu. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nani angejua? Maua yale hayana jina, wala sukari haina jina. Midomo ile iliyopasuka ilikuwa umbali wa kidole kimoja tu kutoka kwenye uhai. Lakini mama alikuwa akimtazama usoni, akiwa amemwamini mpaka kuvuka jua lile, na Kevina hakuweza.

"Ya yule," alisema.

Achok alikirudisha kikombe bila kukasirika.

Kevina alikimwaga nje, akakisuuza. Alitazama rafu yake. Sukari ilikuwa imeisha jana. Ndimu zake alikuwa amezikamua zote kwa Thon. Barafu hakuwa nayo. Palikuwa na chumvi, na maziwa ya mgando ya kibuyu kimoja aliyoyaweka kwa ajili ya chakula chake cha jioni, na maji ya mtungini aliyoyachemsha kwa makaa yake mwenyewe siku mbili zilizopita. Basi. Akamimina maziwa mpaka nusu ya kikombe, akaongeza maji ya mtungi, akatia chumvi kidogo kwa ncha za vidole, akakoroga kwa mwiko. Hakuna mteja angekinunua kinywaji hicho.

"Yangu," alisema, akipiga kifua. "Maziwa yangu. Maji yangu. Kikombe changu. Mama, tafadhali."

Achok alinusa. Akachovya mdomo. Akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua nje, kisha akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, na Kevina, aliyekuwa bado amepiga magoti, alihesabu mafunda yale kwa vidole vilevile vya Salamu Maria.

"Polepole, mama. Polepole, utatapika."

Hakutapika. Alinyoosha kikombe kuomba cha pili. Kevina alilowesha kanga, akamkanda nayo shingo na mikono, akampa cha pili kijiko kwa kijiko. Katikati ya cha tatu aliona tone moja la jasho likichomoza kwenye paji la uso wa mama, chini kidogo ya mistari ya makovu yake ya kimila, likateremka. Akaketi chini kabisa.

"Anti!" Sauti ya Thon ilitoka ng'ambo ya ua, ndogo na kavu. "Anti, anakunywa?"

"Cha tatu hiki!"

Kikasikika kitu kama kicheko kilichokatwa na kikohozi.

Achok alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Alisema maneno kadhaa kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, akichagua, na Kevina ilibidi amwombe arudie ili awe na hakika. Kisha akatoka mlangoni.

"Thon! Bado umesimama hapo?"

"Si ulisema nimpe mgongo?"

"Mama anauliza, huyo mtu juani ni mti au ni mtu? Anasema uingie kivulini, unywe maji. Anasema binti yake ameshazaa, hataki kumkuta mjane."

Kupitia matete Kevina alimwona Thon akiinamisha kichwa na kufuta uso kwa shati lake.

"Na Anti... mimi nitampelekaje hospitali saa kumi?"

"Wewe hupeleki mtu. Utatangulia kwa miguu. Mimi nitampakia kwenye raksha, na nauli nitalipa mimi, usiniletee mambo." Akageuka kumsikiliza mama, aliyekuwa ameongeza neno huku akikoroga mwenyewe kikombe cha nne. "Anasema pia, kuna mbuzi wa kuondoa mwiko huu, mnatakiwa kuzungumza habari zake, wazee wako na wazee wake. Lakini si leo. Leo kuna joto."