Sentimita Tisini

Binti aligonga kigae kwa sarafu ya mia mbili, akatega sikio, akasogea kwenye kingine. Ngo. Ngo. Ngo. Yoeli alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, uso ameukaza kama mzee wa kanisa siku ya Chakula cha Bwana, lakini moyoni alikuwa akigonga naye. Kila kigae kilichoitika vizuri alitamani kukipa mkono.

"Hivi vyote umevipanga mwenyewe, baba?"

"Mwenyewe."

"Chini umejaza saruji yote, au umeweka madonge matano kama wanavyofanya wengine?"

"Mimi siyo wengine," alisema Yoeli, kisha akaona amejibu kwa ukali, akaongeza, "mwanangu."

Binti huyo aliitwa Aika, mkaguzi wa majengo mwenye ofisi ndogo kule Sekei, na asubuhi hiyo alikuwa amekuja Engutoto na begi lake la vifaa kumkagua Yoeli. Tuseme ukweli, si nyumba, ni Yoeli. Nyumba ile ya vyumba vitatu aliijenga kwa mikono yake miwili, kuanzia msingi hadi kofia ya paa, jioni kwa jioni na Jumamosi kwa Jumamosi, miaka tisa. Sasa fundi aliyejengea watu nyumba kwa miaka thelathini, aletewe msichana wa umri wa mtoto wake aje kumpima! Hilo si tonge la kumeza bila maji.

Na aliyemleta ni mkewe mwenyewe. "Mganga hajigangi, Baba Koikai," Nashilu alimwambia tangu mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. "Nyumba za watu unazijenga asubuhi ukiwa na nguvu. Ya kwetu umeijenga jioni umechoka. Mvua ziishe, aje mtu wa nje aiangalie. Akikuta kasoro hata moja, mimi sitoki Kijenge mpaka irekebishwe." Mwanamke yule akisema neno, amesema. Yoeli alinuna wiki nzima, akauliza mtaalamu ni wa nini, mtaalamu anajua nini, na mwisho akampigia simu mtaalamu.

Gari la mizigo lilikuwa limeshapangwa kuja kesho yake. Kwenye chumba cha kupanga cha Kijenge, walikokaa miaka kumi na tisa, masufuria yalikuwa yameshafungwa kwenye maboksi. Yote yalisubiri karatasi ya Aika.

Aika hakuwa na haraka. Bafuni alimwaga ndoo nzima ya maji, yakaenda yenyewe hadi kwenye tundu lake bila kuuliza njia. Alipanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani na neno moja: "Safi." Madirishani aliweka pima maji, kiputo kikatulia katikati. Nashilu alimfuata kila chumba, amejifunga kitenge kana kwamba anakwenda kusikiliza kesi.

Kisha wakaingia chumba cha nyuma, na Yoeli akabaki mlangoni.

Ukuta wa chumba kile aliujenga wiki aliyotoka Oldonyosambu kumzika mama yake. Aliujenga kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Hakumbuki kama alipima. Hakumbuki hata nani alimchanganyia saruji. Tangu siku hiyo hakuwahi kuusogelea na kipimo, kwa woga tu, na usiniulize fundi mzima anaogopaje ukuta.

Aika alining'iniza timazi, akangoja uzi utulie. Akapima juu, akapima katikati, akapima chini. Akarudia. Akakuna shingo.

"Huu ukuta," alisema.

"Una nini?"

"Hauna kitu, baba. Ndio ulionyooka kuliko zote humu ndani."

Yoeli alitoka nje kwa kisingizio cha kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa. Mlima Meru ulikuwa umejitanda ukungu wa Juni mpaka kiunoni. Miaka thelathini watu walimpigia simu ukuta ukipasuka. Ukuta ukisimama, hakuna aliyepiga. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kofia. "Sidai," alijiambia kwa Kimaa, vizuri, vizuri sana, akarudi ndani akiwa amekaza uso upya.

"Kitasa cha mlango wa nyuma kinakaza," Aika alikuwa akisoma karatasi yake. "Kitiwe mafuta. Basi."

Yoeli alikitia mafuta papo hapo, kabla wino haujakauka. Akamgeukia mkewe. Nashilu alikizungusha kitasa mara mbili, akauangalia mlango juu mpaka chini, na ule uso wa mahakamani ukalegea wote.

"Haya," alisema. "Kesho tunahamia. Ngoja mgeni anywe chai."

Alikuwa amekuja na chupa ya chai na vikombe kutoka Kijenge, basi akaingia jikoni kuvisuuza. Aika alimfuata hadi mlangoni, akiwa anafunga begi. Akaacha kulifunga.

"Mama, hebu rudia kuosha hicho kikombe."

"Hakijatakata?"

"Kimetakata. Rudia tu."

Nashilu akarudia. Sasa, Nashilu ni mrefu. Siku ya harusi mpiga picha alimwomba bibi harusi akae kwenye kiti ili bwana harusi naye aonekane. Mbele ya sinki lile jipya linalong'aa alikuwa amejikunja kiunoni kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeshika mgongo.

Aika akavuta futi yake kutoka sakafuni hadi juu ya kaunta. "Tisini."

"Tisini kamili," alisema Yoeli kwa fahari. "Ndicho kipimo cha ramani. Kila jikoni ninakojenga ni sentimita tisini."

"Ramani hiyo ilichorewa nani, baba?"

Yoeli aliwahi kumshushia mama mmoja wa Njiro kaunta nzima kwa sababu mama yule ni mfupi, na akaona ni jambo la kawaida, kazi ni kazi. Lakini yeye hakuwahi kumpima mke wake. Kila jioni alimchua mgongo kwa dawa, akilaumu baridi ya Arusha. Aliona aibu, ile aibu ya kweli inayopandisha joto masikioni.

"Acha, Baba Koikai," Nashilu alisema haraka. "Hii si kasoro. Mimi nimezoea kuinama."

"Ulisema kasoro hata moja."

"Nilisema kasoro ya nyumba. Hii ni kasoro ya mwanamke mrefu."

Aika alicheka, kisha akaandika, akasoma kwa sauti ya kiofisi: "Jikoni. Kaunta iko chini kwa mtumiaji. Irekebishwe kabla ya kuhamia."

"Umesikia," alisema Yoeli. "Mtaalamu ameandika." Na jamani, alivyolitamka hilo neno mtaalamu, ungedhani yeye ndiye aliyemsomesha.

"Na gari je?"

"Gari litasubiri wiki moja. Mgongo wako umesubiri miaka kumi na tisa."

Nashilu alifuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani, akakifuta tena, na midomo yake ilikuwa ikipigana na kicheko na ikishindwa. Yoeli alivua koti alilolivaa kwa heshima ya ukaguzi, akalitundika kwenye dirisha, akaenda kuleta nyundo na tindo. Aliporudi alikuwa akipiga mluzi wa pambio la kwaya.

"Njoo usimame hapa ukutani. Kunja mkono, kama unakata kitunguu."

Nashilu akasimama, akakunja mkono. Yoeli akachukua penseli, akapiga alama kwenye lipu, chini kidogo ya kiwiko. Akaitazama alama, akamtazama mkewe. Mabega yake yalikuwa yameinama mbele, vile alivyosimama siku zote kando yake, kanisani, njiani, kwenye picha za watu.

"Si hivyo, Nashilu," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Koikai azaliwe. "Simama urefu wako wote."

Nashilu akavuta pumzi, akanyooka. Yoeli akafuta alama kwa kidole gumba, akapiga nyingine juu yake. Akamtazama tena. Alikuwa bado ananyooka, na penseli ikabidi ipande.