Gobori la Mzee Hemedi

Inspekta Oduor alifika ufukweni mwa ziwa saa nne asubuhi akiwa amekwisha kuamua. Alimkagua Kadija kuanzia ushungi hadi ndara, kisha akamgeukia baba yake.

"Mzee, Kaloleni nzima hakuna kijana wa kushika hii bunduki?"

"Vijana wapo tele," akajibu Mzee Hemedi. "Aliyetaka kujifunza ni huyu binti yangu."

Ilikuwa mwaka 1989, na Ramadhani ilikuwa imebakiza siku nne tu kuingia. Tangu enzi za babu yake Hemedi, aliyefika Kisumu na misafara ya pwani, mwezi ukiandama gobori lile lililia uani kwao na mtaa mzima ukajua kesho ni kufunga. Lilikuwa bunduki ya gumegume: hushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu, na huwashwa kwa cheche za jiwe. Lakini mikono ya mzee sasa ilitetemeka, na polisi walikuwa wamemwambia wazi: ama mtu mwingine wa nyumba hiyo afanyiwe mtihani wa kulipiga, ama gobori liingie stoo ya kituo. Na anayengoja kitu kitoke stoo ile, heri abebe na godoro.

Kadija alikuwa na miaka arobaini na minne, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Wiki tatu baba yake alimfundisha. Kwanza uingize mdeki, ule ufito wa kushindilia, uhakikishe mtutu ni mtupu. Kisha baruti, kisha tambi la katani la kuibana, ushindilie. Mwisho baruti laini kidogo, ya kubana kwa vidole viwili, kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu. Na sheria moja mzee aliirudia hadi Kadija akaichoka.

"Ukivuta triga, kisahani kikawaka na bunduki isilie, usiishushe, usichungulie. Ielekeze ziwani uhesabu hadi sitini. Huenda moto bado uko njiani."

Sasa alishindilia mbele ya Inspekta. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka kwenye kisahani. Hapo aliweka baruti ya vidole viwili. Kisha, kwa kuwa mkono ule haukuwahi kumpimia mteja gorogoro, ule mkebe wa kupimia, bila nyongeza kwa miaka ishirini, ukaongeza. Mazoea yana taabu. Baruti iliyozidi ikajaa kwenye tundu dogo la kupitishia moto, na moto uliopaswa kuruka sasa ungelazimika kutambaa.

Akavuta triga. Jiwe likagonga chuma, cheche zikaruka, kisahani kikawaka chwaa! Moshi ukampita jichoni. Halafu kimya.

Moja. Mbili.

"Imekufa hiyo," Inspekta akacheka. "Mama, leta hapa. Tumemaliza."

Akaja kwa kando ya maji, mkono mbele, akiufuata mtutu.

"Afande, usipite mbele!"

"Unanipigia kelele mimi?"

Tano. Sita. Kadija alijua vyema: ukimbishia mwenye fomu ya kibali, fomu umeikosa. Lakini mtu yule alikuwa ameushika mtutu karibu na mdomo, anauvuta kuelekea tumboni mwake. Kadija akampiga kikumbo kwa bega lililozoea magunia. Inspekta akaanguka matopeni, mtutu ukarudi ziwani, na gobori likanguruma.

Tambi liliangukia majini likifuka moshi. "Wuololo!" akasema Inspekta, amekaa topeni bila kofia. Kadija alilia kwa hofu, wala hakuona haya.

Inspekta akainuka taratibu. Akautazama mdomo wa bunduki, akajishika tumbo.

"Kwa nini ilichelewa?"

"Jiwe," Mzee Hemedi akawahi. "Jiwe limechoka, Bwana Inspekta. Nitalibadilisha."

Ulikuwa uongo. Jiwe lilikuwa jipya, Kadija alimwona baba yake akilifunga asubuhi ile. Ilimtosha kunyamaza tu, na hamu ya kunyamaza alikuwa nayo. Lakini kila akimtazama yule mtu na lile tumbo lake, maneno yalimchoma.

"Si jiwe, Afande. Ni mimi. Nilizidisha baruti, ikaziba tundu."

Mzee Hemedi akafumba macho.

Inspekta akaokota kofia yake, akaifuta tope. "Jaza tena," akasema, kisha akaenda kusimama nyuma ya Kadija, hatua nane nzima, vidole masikioni kabla baruti haijafunguliwa.

Kadija alizibua tundu kwa sindano, akashindilia upya bila haraka. Safari hii gobori lilijibu papo hapo.

Fomu iliandikwa juu ya boneti ya Land Rover: Kadija binti Hemedi. Furaha ikampanda Kadija hadi akataka kupiga kigelegele.

"Sasa leta ile ya zamani, Mzee," akasema Inspekta. "Bunduki moja haiwezi kuwa na watu wawili."

Hilo Kadija hakuambiwa. Mzee Hemedi akatoa mfukoni mwa kanzu cheti chake cha bunduki kilichokunjwa ndani ya nailoni, cha miaka thelathini na moja, akakitandaza.

"Baba, ngoja kwanza," akasema Kadija.

Upepo wa ziwa ulikuwa ukiipeperusha karatasi, kalamu ya Inspekta haipati pa kutua. Mzee akaikandamiza kwa viganja vyote viwili, vikitetemeka, mpaka jina lake likakatwa.